Nebraska Kwenye Ubao wa Kitale

Vijana, najua mnanicheka. Juzi mjukuu wangu aliniuliza mji mkuu wa Australia, nikakosa. Kisha nikamtajia ua rasmi la jimbo la Nebraska kule Amerika, nikamtajia ndege wake, mdudu wake na kinywaji chake, naye akaniangalia kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. "Nyanya, Nebraska umewahi kwenda?" Sijawahi. Nimefika Malakisi, nimefika Myanga, nimefika Nairobi mara nne na mara zote nne kichwa kiliniuma. Lakini nilifanya kazi miaka mingi katika maktaba ndogo mjini Kitale, na maktaba hiyo ilikuwa na nakala kumi na nne za kitabu kimoja cha shule, historia ya Nebraska.

Nawaandikia ninyi mnaosomea ukutubi, pamoja na ninyi wengine mnaojibu maswali ya watu kwa kazi, iwe dirishani, kwa simu au redioni. Kuna jambo ambalo sijawahi kulisema kwa watu wengi. Linahusu mama mmoja na binti yake, na jibu nililompa yule mama nikiwa na haraka. Nitafika huko. Nikianza nalo moja kwa moja sitamaliza kuandika, najijua.

Vile vitabu vilikuja hivi. Wageni waliotembelea kanisa moja la mjini waliahidi kututumia vitabu. Sisi tuliomba vya marudio ya darasa la nane. Tukangoja mpaka tukasahau. Siku katoni zilipofika nilizifungua pamoja na mkubwa wangu, Mzee Barasa. Alitoa kitabu cha kwanza, akatoa cha pili, akatoa cha tatu. Akavipanga mezani akavitazama.

"Nekesa," akasema, "hawa watu warifunga darasa moja ra watoto wakatutumia."

Barasa alikuwa mtu wa Malakisi na ulimi wake ulikuwa na r na l kwa fujo yake yenyewe. Mimi mwenyewe ni wa Bungoma kwa hivyo msidhani namcheka. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kugonga muhuri bila kuchafua ukurasa, kutoa kitabu rafuni kwa kukishika kiuno wala si kichwa, na kupika gundi ya unga wa ngano kwa moto mdogo, na chembe ya mrututu ndani, ile dawa ya buluu, ili wadudu wasiipende. Mwaka mmoja alipoenda likizo unga wa ngano uliisha, na mimi nikajiambia, hapa ni Kitale, mahindi ni mengi kuliko watu, nitapika gundi ya unga wa ugali. Nikapika uji mzito, nikabandika vitabu vilivyoraruka mgongo, nikavipanga vizuri. Panya walivila vyote. Hawakugusa ukurasa hata mmoja, walikula mgongo tu, kitabu baada ya kitabu, kama watu waliopakuliwa. Barasa aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama niliwawekea na mboga.

Kitu kikubwa alichonifundisha hakikuhusu vitabu. Siku moja aliingia mzee wa makamo, kofia mkononi, akaomba ramani ya Uganda. Nikaiendea mbio, nikaifungua mezani, nikajiona hodari. Yule mzee akaiangalia tu, wala hakuinama kuisoma. Barasa akavuta kiti akaketi karibu naye. "Ni nani yuko huko?" akamuuliza. Ikatokea kwamba kijana wake alivuka mpaka pale Malaba kutafuta kazi, na zilikuwa zimepita sikukuu mbili za Krismasi bila neno. Hakutaka ramani. Alitaka mtu wa kumwandikia barua, akaona haya kusema hajui kuandika. Barasa akatoa karamu yake, kama alivyoiita, akamwandikia barua ya kurasa mbili.

Alipoondoka Barasa aliniambia nisiwe na haraka ya kujibu. Nimuulize mtu kwanza anachotaka kufanya na jibu. Nikasema ndiyo, mzee. Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa kusema ndiyo.

Barasa alistaafu akarudi kulima kwake, nikaachiwa maktaba. Ndipo nilipoanzisha ubao. Tulikuwa na ubao mweusi wa zamani, nikauegemeza ukutani karibu na lango, na kila Jumatatu asubuhi nikawa naandika juu yake "Wajua?" na chini yake jambo la kushangaza. Mwanzoni nilitafuta kila mahali. Baadaye nikagundua kwamba vile vitabu kumi na vinne vilikuwa ghala tosha. Nikaandika kwamba zamani wachora ramani wa Amerika walilihesabu eneo lile kuwa jangwa, mahali pasipofaa kulimwa, na leo ni mahindi mpaka upeo wa macho. Watu wa Kitale waliipenda hiyo. Nikaandika kwamba miti ilikuwa michache mno hata wahamiaji wakajenga nyumba za udongo wenye majani, uliokatwa kama matofali, na kwamba siku maalum ya kupanda miti ilianzia huko. Nikaandika kwamba kinywaji rasmi cha jimbo ni maziwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maziwa sokoni akaniletea kikombe, bure, akasema nimeandika jambo la maana siku hiyo.

Lililoleta kelele zaidi lilikuwa la bunge. Nebraska ndilo jimbo pekee kule lenye bunge la nyumba moja, na wabunge wake hawaandikwi chama kwenye karatasi ya kura. Wanaume waliokuja kusoma magazeti walibishana siku mbili. "Sasa bila chama," mmoja akauliza, "utajuaje nani wa kumtukana?"

Nilifurahi, vijana. Nikawa najulikana. Nikipita sokoni mtu ananiita, "Madam Nebraska, ya leo ni gani?" Mtu anayejulikana kwa kujua mambo huzoea haraka kupendezwa na sauti yake, na mimi nilizoea.

Wiki moja niliandika kwamba serikali ya Amerika iliwahi kugawa ekari mia moja na sitini, karibu bure, kwa mtu atakayejenga hapo na kulima miaka mitano, na kwamba miongoni mwa waliojiandikisha mwanzo kabisa walikuwa wa Nebraska. Alikuwako mzee kutoka Tongaren, ambako mashamba yaligawiwa na serikali pia. Akasoma polepole, akageuka. "Na wenyewe walipelekwa wapi?" akauliza. Pale langoni walikuwa wamesimama watu wa makabila manne au matano. Kila mmoja akakumbuka kwamba ana kazi mahali.

Swali lile lilinikaa. Baadaye, katika mwaka ule ulioanza na fujo za baada ya uchaguzi hapa kwetu, nilirudi kwenye kitabu nikatafuta jibu. Nikaandika habari za chifu mmoja wa wenyeji wa pale, ambaye watu wake walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa mbali kusini. Mwanawe alipougua aliomba azikwe kwao. Alipokufa, baba akabeba mifupa yake akaanza safari ya kurudi kwa baridi kali, akakamatwa kwa kosa la kutoka mahali alipowekwa. Kesi ikaenda mahakamani Nebraska, na jaji akaamua jambo ambalo lingepaswa kujulikana bila jaji, kwamba huyu naye ni mtu mbele ya sheria.

Jumatatu hiyo ndiyo niliyomwona Mama Nyambura kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama mbele ya ubao na beseni la nguo zilizofuliwa kichwani, na binti wa kama miaka kumi na miwili akimsomea. Binti alipomaliza, mama akasema, "Soma tena." Akasomewa tena. Kisha akashusha beseni, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa, akalipandisha, wakaenda.

Nikaja kumjua kidogo kidogo. Familia ya mumewe ilitoka Mkoa wa Kati ikakaa huku miaka mingi. Mumewe alikuwa amefariki, na alizikwa kwenye shamba ambalo yeye na watoto wake watatu walilikimbia katika fujo za mwaka huo. Walikaa kwenye hema, kisha wakapata chumba kimoja mjini, naye akawa anafulia watu nguo. Kusoma hakujua. Nyambura, mkubwa wa watoto, ndiye aliyekuwa macho yake. Kila Jumatatu binti alikuja na daftari, akanakili ubao wangu neno kwa neno kwa mwandiko mnyoofu, jioni akamsomea mama yake na wadogo zake. Aliniambia wadogo walicheka sana kuhusu maziwa.

Nyambura alikuwa na kifafa. Nilimwona akianguka mara moja, pale pale maktaba, kati ya meza na rafu. Tukamlaza kwa ubavu, nikamwekea sweta yangu chini ya kichwa. Alipozinduka aliona aibu, akauliza kama amerarua kitabu. Shule ilikuwa imemrudisha nyumbani mpaka apone. Mkononi alikuwa na kovu la jiko. Dawa alizipata mwezi huu, akazikosa miezi miwili.

Sasa nimefika. Ilikuwa mwaka huo huo, baada ya mvua ndefu kuisha na mahindi kuanza kukauka shambani. Gazeti lilikuwa na habari fupi katika ukurasa wa mambo ya dunia, na nilipoona neno Nebraska niliruka kwa furaha kama aliyeona picha ya ndugu yake. Habari yenyewe ilikuwa hii. Jimbo lile lilitunga sheria ya kuwaokoa watoto wachanga wasitupwe. Mzazi aliyeshindwa angeweza kumwacha mtoto hospitalini, na hangeshtakiwa kwa kumwacha. Lakini wabunge hawakuweka kikomo cha umri. Wakaandika mtoto, basi. Wazazi wakaanza kuleta watoto wa miaka kumi, kumi na mitatu, kumi na saba. Wengine waliendesha gari kutoka majimbo mengine ya mbali. Wengi wa watoto hao walikuwa na maradhi ya akili au matatizo ambayo nyumbani yalikosa dawa.

Nikaiandika ubaoni kwa ufupi, maana ubao ulikuwa mdogo. "Wajua? Huko Nebraska mzazi aliyelemewa anaweza kumwacha mtoto wake wa umri wowote hospitalini, na hashtakiwi." Nyambura akaja na daftari lake akanakili.

Alhamisi, Mama Nyambura akaja peke yake. Hakuwa na beseni. Nilikuwa katika ukaguzi wa kila mwaka, nimeshusha vitabu vyote vya sayansi sakafuni, orodha mkononi, na vumbi limeniingia puani.

"Madam, hiyo kitu umeandika hapo nje ni ya ukweli?"

"Ni ya kweli, mama. Iko kwa gazeti."

"Na huyo mzazi hashikwi?"

"Hashikwi."

"Na mtoto anatibiwa?"

"Si ni hospitali, mama? Watamfanya nini kingine?"

Mimi nikaendelea kuhesabu.

"Na iko huko tu, ama hata huku inaweza kuwa?"

Nikacheka. "Ya huko hufika huku, mama. Si hata simu zilianza huko, na leo kila mtu ako nayo?"

Akasema asante, Madam. Akatoka. Nilipoinua kichwa tayari alikuwa langoni, na nilichofikiri wakati huo ni kwamba amenipotezea hesabu ya rafu.

Nimeyarudia maneno yale mara nyingi. Karibu kila nilichojibu kilikuwa kweli. Hata mzaha wangu ni mzaha ambao yeyote angeufanya. Lakini kuna mambo mawili ningeweza kusema. Ningemwambia kwamba kwetu kumwacha mtoto ni kosa. Na ningemuuliza, mama, kwa nini unauliza? Ni maneno manne tu. Barasa angevuta kiti.

Jumatatu iliyofuata Nyambura hakuja. Wala nyingine. Nikamwona mama yake sokoni nikauliza. Akaniambia amempeleka kwa shangazi yake Nakuru, huko kuna shule nzuri. Alisema akiangalia vitunguu. Nikafurahi kwa ajili yao, nikanunua vitunguu vyangu nikaenda zangu.

Mwezi wa kumi na moja gazeti likaleta habari mpya. Wabunge wa Nebraska waliitwa kwa kikao maalum, wakabadilisha sheria. Tangu siku hiyo ingehusu tu mtoto asiyezidi siku thelathini. Mimi nilikuwa mtu wa kusahihisha makosa, kwa hivyo nikaandika ubaoni kwamba ile sheria imebadilishwa. Mama Nyambura akamwomba mpita njia amsomee. Kisha akaingia ndani, akaja mpaka kwenye meza yangu, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Wamebadilisha?"

"Wamebadilisha, mama. Sasa ni wale wachanga tu."

"Na wale walikuwa wameachwa kabla, watarudishwa?"

Hapo ndipo nilipouliza. "Mama Nyambura, kwa nini unataka kujua?"

Akaketi sakafuni. Hakulia. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia. Alimpeleka Nyambura hospitalini Bungoma, kwa sababu Kitale wangewajua. Alisema mtoto akiwa na mama, mama hutumwa dukani kutafuta dawa, na yeye hakuwa na mahali pa kutoa pesa. Asiyekuwa na mtu, serikali itamtibu yenyewe. Waliketi kwenye benchi pamoja. Akamwambia, "Ukiulizwa, sema huna mtu. Jina langu usitaje hata wakikukemea."

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akaniuliza, ni ile ya ubao? Nikamwambia ndiyo, ni ile ya ubao. Akasema sawa, mama."

Vijana, nimezika wazazi wangu na mume wangu. Sijui kama kuna neno lililowahi kuniingia kama lile sawa, mama.

Asubuhi yake nilifunga maktaba, jambo ambalo sikuwahi kulifanya siku ya kazi, tukaenda Bungoma sisi wawili. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na alikuwa amebeba mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko, kwa sababu Nyambura alipenda mahindi.

Katika wodi ya watoto muuguzi alituelewa mara moja. "Mnatafuta yule wa kifafa? Hajatuambia jina lake hata leo. Sisi tunamuita Neema." Hakuwa na mahali pa kupelekwa bado, akawa amebaki pale. Muuguzi akasema hajaanguka kwa majuma kadhaa, kwa sababu anameza dawa kila siku kwa saa. Akasema pia kwamba ana akili ajabu, anasomea watoto wengine hadithi, na anawaambia mambo ya Amerika ambayo hakuna anayejua ameyatoa wapi.

Tulimwona kabla hajatuona. Alikuwa anakunja mashuka na msichana mwingine. Alikuwa amenenepa. Uso wake ulikuwa umetulia, ile hofu ya kuangalia sakafu atakapoangukia ilikuwa imepungua. Mama yake aliona yote hayo. Nilisimama kando yake nikaona anavyoyaona.

Afisa wa watoto aliitwa, mwanamume mpole mwenye faili. Akamwita Nyambura. "Neema, kuja. Huyu mama unamjua?"

Nyambura akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akaangalia faili.

"Simjui," akasema.

Alisema kwa adabu, mikono nyuma, kama anavyojibu mtoto aliyefunzwa. Alikuwa anamlinda. Alijua kwamba akisema ndiyo, mama atashikwa.

Afisa akageuka. "Mama, huyu ni mtoto wako?"

Mama Nyambura alikuwa bado ameshika ule mfuko wa mahindi. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, ile sura iliyonona, ile nguo safi ya wodi.

"Nimekosea," akasema. "Nilidhani ni yeye. Si yeye."

Afisa akafunga faili. Kisha, kwa sababu ni kazi yake kuuliza kila mtu, akaniuliza na mimi. "Na wewe, Madam, unamfahamu huyu msichana?"

Nilikuwa nimejibu maswali ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Hilo ndilo swali pekee ambalo nilitamani lisijibiwe na mtu yeyote. Nikisema simjui, mtoto anabaki na dawa yake, na mama anarudi bila mtoto maisha yake yote. Nikisema namjua, wanarudi wote kwenye kile chumba kimoja. Nyambura alikuwa ananiangalia. Hakunipa ishara yoyote. Na mimi nikaona kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili amesimama anamkana mama yake kwa sababu ya chaki yangu, na kwamba nikinyamaza, kumkana huko ndiko kutakuwa maisha yake.

"Anaitwa Nyambura," nikasema. "Huyu ni mama yake. Nawajua wote wawili, na kosa lilianzia kwangu."

Mama yake alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa. Kisha Nyambura akatoka pale aliposimama akamshika nguo kiunoni, na hapo hakuna aliyehitaji kuulizwa tena.

Afisa alikuwa mtu mwema. Mama aliandikisha taarifa, akaonywa kwa maneno makali, chifu akaandika barua, wakaruhusiwa kurudi Kitale na kadi ya kliniki na vidonge vya kuanzia. Niliufuta ubao, nikaurudisha stoo. Nyambura aliendelea kuja maktaba, lakini si peke yake tena. Mama akienda kufua, binti aliandamana naye akiwa ameshika upindo wa nguo yake, msichana mkubwa hivyo, na mama hakumkataza.

Vidonge viliisha, vikaja, vikaisha. Mwaka uliofuata, wakati wa mvua, penye kijito ambacho maji yake hayafiki magotini, mama alikuwa anasuuza nguo upande mmoja na Nyambura upande wa pili wa mawe. Hakusikia kitu. Alipogeuka alidhani binti ameinama kuokota sabuni, kumbe kifafa kilikuwa kimemwangusha uso ndani ya maji.

Alizikwa kwenye makaburi ya mjini, kwa maana shamba alipolala baba yake lilikuwa bado halifikiki. Tulikuwa watu wachache. Mchungaji alisoma jina lake lote, la kwake, la baba, la babu, na fundi mmoja alikuwa amelichora kwa rangi nyeupe kwenye msalaba wa mbao. Nilikuwa nimekaa siku tatu nikitafuta maneno ya kumwambia mama yake. Ningemwambia kwamba kama ningesema simjui kule Bungoma, labda angekuwa hai, anakunja mashuka. Nilitaka aseme yeye, anilaumu, nimalize.

Watu walipoanza kutawanyika nilimkaribia nikaanza. "Mama Nyambura, ile siku hospitalini..."

Akanikata. "Madam, huko wangemzika kama Neema," akasema. "Hakuna mtu huko alijua alikuwa mtoto wa nani."

Nilisimama pale kwenye matope, na yeye ndiye aliyenishika mkono akanitoa makaburini.